Vidole Vyangu Viko kwa Susana

Midia, Koboko
21 Aprili 2025

Shangazi Latifah,

Asalaam alaikum. Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri na goti lile limepunguza maneno. Sisi huku tuko. Yakubu amefikisha miezi sita, ana meno mawili ya chini, na anauma kila kitu, hata kidole cha babake. Siraji anakusalimu. Yuko kwa pikipiki zake, mikono mafuta tu.

Shangazi, nimeona tangazo kwenye ubao wa wilaya. Wanataka makarani wa kumbukumbu watatu. Wanataka cheti cha S4, kidato cha nne, na mimi ninacho, kimekaa kwenye sanduku miaka yote hii kama nguo ya sikukuu. Mtihani wa kuandika ni tarehe 16 Agosti. Karatasi ya kwanza ni hesabu na barua. Ya pili inaitwa mambo ya taifa na sera za serikali. Nilimuuliza askari wa mlangoni sera ni nini. Akasema ni kama sheria lakini haina polisi. Sikujua kama ananicheka au ananifundisha.

Wewe ulikaa kwenye mafaili ya Arua miaka ishirini na sita. Nifundishe. Siraji anasema nikifaulu atanipeleka kazini kila asubuhi na pikipiki ya mteja. Mimi sitaki sana mambo makubwa. Nataka siku moja Yakubu akiulizwa mama yako anafanya kazi gani, asitazame chini.

Barua nampa Muzamili wa gari la mkate, anashuka Arua kila Jumatatu.

Binti wa kaka yako,
Hawah


Onduparaka, Arua
28 Aprili 2025

Binti yangu Hawah,

Waalaikum salaam. Goti liko palepale, lakini mimi nimeacha kulisikiliza. Mbusu Yakubu. Mwambie bibi yake anasema kuuma si vibaya, mradi achague.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mwandiko mzuri. Mambo unayoyajua ni mengi kuliko unavyodhani, ila hujayapanga. Hiyo ndiyo kazi ya kumbukumbu, kupanga.

Askari wako si mjinga. Sera ni kile ambacho serikali imeamua kufanya na njia iliyochagua ya kukifanya. Sheria ndiyo inayoipa meno.

Masharti yangu ni haya. Utaniandikia kwa mkono, usinipigie simu. Mkono uliozoea simu unachoka kwenye nusu ukurasa. Mtihani ni wa Kiingereza, najua, lakini kwanza ujue jambo kwa lugha unayogombana nayo na mume wako. Kiingereza kitafuata. Tena sikiliza habari za redio kila siku, na andika jambo moja tu, lile ulilolielewa.

Maswali ya mwanzo: Ngazi za serikali za mitaa ni zipi? Ugatuzi ni nini, na ulianza lini? Arua ilipata kuwa jiji tarehe gani? Mkimbizi ni nani, na Uganda inamtendea vipi? La tano, nitajie jambo jipya la serikali mwaka huu linalogusa nyumba yako.

Leo timu yetu inacheza. Kelele ni nyingi mpaka sisikii kalamu yangu. Nitaishia hapa.

Shangazi yako,
Latifah


Midia
9 Mei 2025

Shangazi mpenzi,

Asalaam alaikum. Habari za siku nyingi? Sisi tuko salama, isipokuwa Yakubu ana mafua. Anakohoa kama mzee wa kijiji, kisha anatutazama kuona nani ameogopa.

Majibu yangu haya.

La kwanza. Kijiji ni LC1, yaani baraza la kwanza, parishi LC2, sabkaunti LC3, kaunti au manispaa LC4, wilaya LC5. Hii sikuisoma popote. Nilihesabu milango niliyotumwa kupiga hodi mama alipokuwa mgonjwa.

La pili. Ugatuzi ni Kampala kutoa madaraka na kazi na kuzipeleka wilayani, ili watu waamue mambo yao karibu na kwao. Uko kwenye katiba ya 1995 na sheria ya serikali za mitaa ya 1997. Mfano: kisima cha kwao Siraji kilipokufa hawakwenda Kampala, walienda sabkaunti. Sabkaunti ikawaambia wangoje Kampala. Sijui kama huu ni mfano mzuri.

La tatu. Tarehe 1 Julai 2020.

La nne. Uganda inafuata sheria ya wakimbizi ya 2006. Mkimbizi hafungiwi kambini. Anapewa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima, anaruhusiwa kufanya kazi na kutembea, na watoto wake wanasoma shule moja na watoto wetu. Wako zaidi ya milioni moja na nusu nchini.

La tano. Mwezi uliopita serikali imeanza chanjo ya malaria kwa watoto. Ya kwanza miezi sita, kisha saba, kisha nane, na ya mwisho mwaka na nusu. Nilimpeleka Yakubu. Nesi akamchoma pajani, akalia sana, halafu akamchekea nesi yuleyule. Mimi ndiye niliyeendelea kulia.

Naandika usiku akilala, ndiyo maana mistari imepinda.

Mwanao,
Hawah


Onduparaka
19 Mei 2025

Hawah binti yangu,

Nafurahi mafua ni ya kukohoa tu. Mpake mafuta ya simsim kifuani, usimwoshe jioni.

Umepata kumi na saba kwa ishirini. Mfano wa kisima nimeupenda, lakini kwenye mtihani malizia kwenye sabkaunti. Wasimamizi hawapendi kucheka.

Alama tatu nimekunyima kwenye swali la nne. Nilikuuliza mambo mawili, umejibu moja. Umeandika vizuri sana jinsi mkimbizi anavyotendewa, lakini mkimbizi ni nani hukusema. Ndilo jepesi kuliko yote, na wewe umekaa nao miaka minane. Nimeshangaa.

Jingine. Nimemtuma mtu akasome tangazo lenu. Siku ya mtihani kila mtu aje na kitambulisho cha taifa. Wewe uliwahi kuniambia chako "bado inatoka". Inatoka wapi tangu 2020? Wiki ijayo serikali inaanza kuandikisha watu upya nchi nzima. Nenda siku za mwanzo kabla foleni haijawa ndefu. Wakikuuliza kabila usiseme kwa sauti ndogo. Jedwali la tatu la katiba limetaja jamii za nchi hii, na Wanubi tumo. Babu yako alizikwa hapa na babake alizikwa hapa. Ni jambo la dakika kumi.

Ukimaliza niandikie.

Shangazi yako,
Latifah


Midia
30 Juni 2025

Shangazi yangu,

Asalaam alaikum. Natumaini uko mzima. Sisi ni wazima wa mwili.

Muzamili ameniletea maneno yako mara tatu, kwamba mbona siandiki, nimeudhika nini. Sijaudhika. Mara ya tatu alinipa mkate wa bure akasema, "Dada, huyu mama ataniacha lini? Mimi nauza mkate." Basi ndiyo naandika.

Nilienda kujiandikisha siku ya pili. Nilikuwa na barua ya mwenyekiti wa LC1 na cheti cha S4, Yakubu mgongoni. Binti wa kompyuta akaniambia niweke vidole kwenye kioo. Akatazama. Akasema, "Dada, rudia." Nikarudia. Akafuta kioo kwa shati lake. Nikarudia tena. Akasema, "Hivi vidole vimo tayari."

"Viko wapi?"

"Kwa wakimbizi. Hapa wewe ni Susana, wa Sudani Kusini."

Alisema kwa sauti ya kawaida tu. Watu wa nyuma yangu wakacheka. Yakubu naye akacheka kwa sababu wengine wamecheka.

Shangazi, mashine haikukosea.

Unakumbuka mwaka 2017 watu walivyovuka mpaka kwa maelfu. Mama Keji, wa kabila la Wakuku kutoka Kajo Keji kule Sudani Kusini, alilala uani kwetu majuma manne kabla hajapewa kiwanja kwenye makazi ya wakimbizi. Alifika na watoto wawili. Walikuwa watatu. Wa kwanza, Susana, miaka kumi na mitano kama mimi, alikufa njiani kwa homa. Wakamzika karibu na mto, wakaendelea kutembea. Lakini mpakani waliandikwa usiku kwa haraka, na Keji alipoulizwa majina alitaja yote matatu. Hakudanganya kwa kupenda. Alisema mdomo ulikataa kuruka jina.

Mwaka uliofuata serikali ikahesabu wakimbizi upya, na safari hii walitaka vidole na macho. Baba alikuwa amekufa. Mama alikuwa kitandani, tumbo limevimba, na sisi tulikuwa tunakula majani ya muhogo bila kitu kingine. Keji akaja akaniambia, "Njoo twende. Nafasi ya Susana iko, na wewe una njaa." Nikaenda. Nikaweka vidole. Chakula cha Susana kikawa kinakuja kwetu, mahindi, maharage na mafuta, mpaka mama akafa 2019. Ulikuja kwenye matanga ukasifu jinsi tulivyowalisha watu. Kilikuwa chakula cha Susana.

Baada ya hapo chakula nilimwachia Keji, sikuuliza tena. Mwaka 2020 nilienda kuomba kitambulisho wakaniambia subiri, nikaogopa, sikurudi. Nilidhani jambo limekwisha lenyewe.

Ndiyo maana swali lako nililiruka. Nilianza kuandika mkimbizi ni nani, kalamu ikasimama. Jedwali la tatu linanijua, mashine hainijui.

Siraji nimemwambia. Alienda kufungua injini ambayo haikuwa mbovu. Jioni akasema, "Basi nimeoa wawili kwa mahari ya mmoja." Ndiyo njia yake ya kunisamehe, lakini hakula.

Mtihani umebaki majuma sita na siku chache. Niambie la kufanya.

Mwanao,
Hawah


Onduparaka
8 Julai 2025

Hawah,

Salaam. Nimechelewa kwa makusudi. Barua ya kwanza niliyoiandika niliichana.

Nikuambie kwanza kama karani. Ulilofanya ni kosa, na sheria inalijua kwa jina lake. Pia ulikuwa mtoto, na hilo nalo linaandikwa kwenye faili kama mtu atalisema. Njia iko. Unaenda mwenyewe kwenye dawati la wakimbizi kabla hawajakuita. Unaandika maelezo yako, unatia sahihi. Mwenye familia anathibitisha. Jina linaondolewa, vidole vinafunguliwa, ndipo ofisi ya vitambulisho inakupokea. Nimeona watu kadhaa wakitoka salama kwa njia hiyo. Wale walioumia ni waliompa mtu kitu kidogo ili afute kimyakimya. Usithubutu.

Sasa nikuambie kama dada wa babako. Mwaka 1980 sisi tulikimbia vita, tukavuka kwenda upande wa pili, tukakaa Yei, Sudani, miaka sita. Nilikuwa na kadi. Imeandikwa jina langu na chini yake neno mkimbizi, na nilikula chakula ambacho sikukilima. Nilipewa ardhi ya kulima na watu ambao huenda ni ndugu wa huyo Keji, hatujui. Tulipopita mpakani kurudi nilikabidhi ile kadi. Nilidhani nitafurahi. Nilitembea mpaka Koboko mkono uko kwenye mfuko mtupu, natafuta.

Kwa hiyo sikuhukumu, na sina haki ya kukupa alama kwa swali lile. Alama tatu nimezirudisha.

Lakini sikiliza hili. Ile kadi ya chakula ya Keji ndiyo karatasi pekee duniani ambapo yule mtoto bado yuko hai. Usiende ofisini kumtoa bila mama yake kujua. Hata kama ofisi inaruhusu, mimi siruhusu. Nenda ukazungumze naye. Kisha soma sura ya bunge na bajeti, maswali nimeweka nyuma ya karatasi hii.

Shangazi yako,
Latifah


Midia
20 Julai 2025

Shangazi,

Asalaam alaikum. Asante kwa barua. Niliisoma nje, ili Siraji asinione. Goti lako? Usinifiche.

Nimeenda kwa Keji. Nilimkuta anamenya muhogo mbele ya nyumba. Alimchukua Yakubu kwanza, akamweka juu ya mguu wake, akampa kipande acheze nacho. Kisha akaniuliza habari za nyumbani, za Siraji, za mtihani. Anajua habari zote za mtihani, mimi mwenyewe nilimwambia mwezi wa nne, na kila nikienda ananiuliza mwenyekiti wa LC5 ni nani, eti ananipima.

Nikasema, "Mama, mtihani uko tarehe kumi na sita ya mwezi ujao."

"Soma."

"Nasoma. Lakini wanataka kitambulisho, na vidole vyangu viko kwa Susana."

Aliendelea kumenya. Alimaliza ule muhogo, akachukua mwingine.

"Basi mwambie akurudishie," akasema.

Nikasema, "Wanasema lazima atoke kwenye karatasi."

"Atoke aende wapi?"

Hilo swali hukunifundisha. Nzi walikuwa wengi. Baadaye akasema chakula siku hizi wamekata, familia nyingi hazipati kitu, kwa hiyo nisifikiri ni mambo ya mahindi. Nikamwambia sikufikiri hivyo. Akasema, "Najua." Kila wanapoita majina, akasema, yeye husogea karibu na meza ili asikie la Susana likisomwa kwa sauti na mtu mgeni, kama mtoto mwingine yeyote.

Kisha akanifungia muhogo kwenye kitenge, akanirudishia Yakubu, akasema, "Usije wiki hii."

Bajeti nimesoma. Majibu yapo nyuma ya karatasi.

Mwanao,
Hawah


Onduparaka
28 Julai 2025

Binti yangu,

Salaam kwa wote. Goti limevimba, nimekuambia sasa.

Usiende mpaka akuite. Kama hataita kabla ya tarehe 16, mtihani na upite. Najua ninachokuambia. Mimi ndiye niliyekuwa nakusukuma, na sasa mimi ndiye ninayekuambia simama.

Bajeti umepata yote.

Shangazi yako


Midia
25 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Asalaam alaikum. Muzamili anasema umeanza kutembea na fimbo. Usione haya, itumie. Yakubu amepata chanjo ya tatu, tumechelewa kidogo, na safari hii hakulia. Alimtazama tu nesi kwa muda mrefu.

Mtihani umepita na mimi sikuingia. Nakuambia mapema ili usisome barua hii ukitafuta.

Tarehe 14, Alhamisi, siku mbili kabla, tulikuwa bado tunakunywa chai, nikaona Keji anakuja. Amevaa gauni lake la kanisani na viatu. Ametoka kwake kukiwa giza. Hakutaka chai. Akasema, "Chukua kalamu yako."

Siraji aliazima pikipiki ya mteja, akatupeleka sisi wawili na Yakubu katikati. Kwenye dawati la wakimbizi kuna bwana mmoja, Candia, mpole, ana mafaili mpaka chini ya kiti. Nilisema yangu kwanza kama ulivyonifundisha. Nilisema mwaka, nilisema umri wangu, nilisema mama alikuwa mgonjwa lakini sikumsingizia mtu. Aliandika yote. Akasema jambo kama hili lina adhabu, na kwamba nimekuja mwenyewe na nilikuwa mtoto atayaandika hayo pia, na wataniita. Nikasema ndiyo bwana.

Kisha Keji akauliza, "Sasa huyu ataingia kwenye mtihani Jumamosi?"

Bwana Candia akasema hapana. Kufungua vidole ni miezi mitatu, labda zaidi, lazima iende Kampala na kurudi. Mtihani mwingine utakuja, nafasi za wilaya hutangazwa tena, lakini huu wa Jumamosi hauwezekani.

Mimi nilikuwa najua. Tangu uliponiandikia nilihesabu siku. Lakini yeye hakujua, Shangazi, na mimi njiani sikumwambia, kwa sababu sikujua namna ya kumwambia mtu aliyevaa viatu. Alikaa anatazama mikono yake. Bwana Candia akaona. Akasema taratibu, "Mama, si lazima iwe leo. Mnaweza kurudi nyumbani mfikirie."

Yakubu alikuwa anavuta kona ya faili. Nilimtoa mkono, akarudisha.

Nikamwambia Keji, "Twende, Mama. Nilipaswa kukuambia."

Akasema, "Miaka minane nimefikiria. Leta hiyo karatasi."

Fomu ni ya kutangaza kifo cha mtu aliyeandikwa. Keji hajui kuandika, na bwana Candia alikuwa na watu wengi mlangoni, akanisogezea mimi. Basi nikajaza. Nilimwuliza kila kitu na yeye akajibu. Jina la marehemu. Jina la baba. Mwaka wa kuzaliwa. Tarehe ya kifo hakuijua, alijua tu kwamba mvua ya kwanza ilinyesha siku ileile, wakachimba ardhi ikiwa laini. Bwana Candia akasema niandike Machi 2017. Mahali, karibu na mto, upande wa pili. Sababu, homa. Keji alikuwa anafuata kalamu kwa macho, ingawa hasomi. Aliniuliza jina la Susana liko wapi, nikamwonyesha. Akaweka kidole juu yake.

Chini kabisa kuna mahali pa shahidi. Wanataka jina kamili, sahihi, na uhusiano na marehemu. Nikaandika jina langu. Hawah Yasiri. Ni mara ya kwanza nimeliandika kwenye karatasi ya serikali na hakuna aliyeniambia rudia. Kwenye uhusiano nikasimama. Nilifikiria niandike jirani, nikafikiria rafiki wa familia. Nikamwuliza Keji, "Hapa wanauliza mimi na Susana tulikuwa nani."

Hakufikiri hata kidogo.

"Andika dada yake," akasema.

Nikaandika.

Mwanao,
Hawah